Mwanagenzi wa ukaguzi wa ndani wa benki na faili la mwenye lori

Wafanyabiashara wengi wa mipakani wamewahi kumwona bila kumjua. Ni kijana mwenye kompyuta ya mkononi na rundo la mafaili, amekaa kwenye kona nyuma ya makeshia, hahudumii mteja wala hapokei fedha, na baada ya wiki mbili hayupo tena. Mwezi unaofuata mwenye lori anapigiwa simu na mtu asiyemfahamu, anaulizwa kama kweli aliweka benki kiasi fulani tarehe fulani, au kama sahihi iliyo kwenye fomu ya mkopo ni yake. Wengi hukata simu wakidhani ni matapeli.

Wakati mwingine ni matapeli kweli, na hilo litaelezwa mbele. Lakini anaweza pia kuwa mkaguzi wa ndani wa benki, tena mwanagenzi ambaye ndiyo kwanza anajifunza kazi, na jibu atakalopewa linaweza kuamua kama fedha za mteja huyo zitaonekana au zitapotea kimya kimya.

Makala haya yanaeleza kijana huyo ni nani, anafundishwa nini katika mwaka wake wa kwanza ndani ya benki kubwa, na kwa nini mafunzo hayo yanamgusa mwenye mzigo wa Tunduma, Namanga, Busia au Kabanga kuliko anavyodhani.

Si wa mapato, si wa forodha

Neno ukaguzi linapotajwa mpakani, watu hufikiria kwanza forodha, mizani au mamlaka ya mapato. Mkaguzi wa ndani wa benki si mmoja wao. Hakuja kukadiria kodi ya mteja, na hana mamlaka ya kuzuia mzigo wala kufunga duka. Anayekaguliwa ni benki yenyewe: je, ofisa mikopo alifuata taratibu, je, fedha zilizoandikwa zipo, je, dhamana iliyopokelewa ni ya kweli.

Hafanani pia na mkaguzi wa nje, yaani kampuni ya wahasibu inayokuja kutoa maoni kuhusu hesabu za mwaka za benki, wala na wakaguzi wa benki kuu ambao huja kwa nguvu ya sheria. Yeye ni mwajiriwa. Analipwa mshahara na benki ileile anayoikagua, na hapo ndipo penye ugumu wa kazi yake.

Ili asiwe mateka wa wakubwa zake, mkuu wa idara ya ukaguzi wa ndani hupeleka ripoti kwa kamati ya ukaguzi ya bodi ya wakurugenzi, si kwa mkurugenzi mkuu peke yake. Kamati ya Basel, ambayo huweka miongozo ya usimamizi wa mabenki duniani, ilitoa Juni 2012 waraka wenye kanuni 20 kuhusu ukaguzi wa ndani, na uhuru wa idara hiyo ni mojawapo ya mambo yaliyosisitizwa. Benki kuu za Afrika Mashariki nazo huitaka kila benki iwe na idara ya namna hiyo.

Ndani ya benki wenyewe husema kuna ngome tatu. Ya kwanza ni wale wanaofanya biashara kila siku, yaani keshia, ofisa mikopo na meneja wa tawi. Ya pili ni vitengo vya hatari na vya kusimamia utii wa sheria. Ya tatu ni wakaguzi wa ndani, ambao hawatoi mkopo, hawaidhinishi malipo na hawauzi bidhaa yoyote. Mkaguzi akianza kuidhinisha, kesho atakagua kazi yake mwenyewe.

Anavyoingia

Mabenki makubwa huchukua wahitimu wa uhasibu, uchumi, biashara, na siku hizi hata wa kompyuta, na kuwaweka katika mafunzo kazini kwa muda ambao mara nyingi ni kati ya mwaka mmoja na miwili. Huku wakifanya kazi hujisomea mitihani ya taaluma. Tanzania mitihani ya uhasibu husimamiwa na NBAA na Kenya na KASNEB. Walioamua kubaki katika ukaguzi wa ndani huongeza cheti cha kimataifa cha CIA, chenye mitihani ya sehemu tatu, ambacho mwenye shahada ya kwanza hapewi mpaka awe na uzoefu wa miaka miwili. Uingereza ilikwenda mbali zaidi: tangu Aprili 2017 waajiri wakubwa walianza kutozwa asilimia 0.5 ya mishahara kugharamia uanagenzi, na ukaguzi wa ndani ukawa mojawapo ya kazi zinazofundishwa kwa njia hiyo. Hapa kwetu kila benki hujipangia.

Miezi ya kwanza haina utukufu wowote. Kijana aliyetoka chuo kikuu akiwa na alama nzuri hukabidhiwa kitabu cha taratibu za uendeshaji, kisha huambiwa akae pembeni ya keshia, kisha idara ya mikopo, kisha dawati la fedha za kigeni, aangalie kazi inavyofanyika na aichore kwenye karatasi hatua kwa hatua: nani anapokea, nani anahakiki, nani anaidhinisha, nani anatunza. Anatafuta mahali ambapo hatua mbili zinazopaswa kuwa za watu wawili zimekuwa za mtu mmoja. Wizi mwingi ndani ya benki huanzia hapo. Wala hautaki akili nyingi, unachotaka ni mtu mmoja aachiwe kufanya yote.

Jambo la pili analofundishwa ni kuandika. Hoja ya ukaguzi haiandikwi kwa kusema "mafaili ya mikopo si mazuri". Lazima ioneshe kilichotakiwa kuwepo, kilichokutwa, sababu ya tofauti hiyo, na madhara yake. Baada ya hapo ndipo yanakuja mapendekezo. Kila neno liwe na ushahidi katika karatasi za kazi, ili mtu mwingine ambaye hakuwapo aweze kurudia hatua zilezile na kufika mahali palepale. Kijana akiandika "inasemekana", msimamizi wake hulifuta.

Asubuhi ya kuhesabu fedha

Wafanyakazi wa tawi hawajulishwi siku ya kuhesabiwa fedha. Kundi la wakaguzi hufika kabla mlango haujafunguliwa, likiwa na barua ya utambulisho, na kuanzia dakika hiyo hakuna droo inayofunguliwa bila wao kuwapo. Mwanagenzi hupewa keshia mmoja. Anahesabu noti mbele ya mwenye droo, hageuki nazo pembeni hata kidogo, analinganisha na kiasi kilichomo kwenye mfumo, kisha wote wawili wanasaini karatasi moja. Chumba cha hazina nacho hufunguliwa na watu wawili, kila mmoja na ufunguo wake au namba yake ya siri. Kama siku hiyo meneja anatoa funguo zote mbili mfukoni mwake, hoja ya kwanza imeshapatikana hata kabla ya noti kuhesabiwa.

Katika tawi la mpakani kazi ni ndefu zaidi kwa sababu ya wingi wa fedha. Tunduma kuna shilingi, kwacha na dola. Busia kuna shilingi za nchi mbili. Kabanga kuna faranga za Burundi. Mkaguzi hatosheki na kuona noti zipo. Huangalia pia bei iliyotumika kubadilisha siku ile na kuilinganisha na bei iliyotangazwa kwenye ubao. Mteja mmoja akipewa bei tofauti kila wiki na ofisa yuleyule bila idhini ya maandishi, swali linafuata.

Aidha kuna risiti. Mfanyabiashara anayefika saa kumi jioni akiwa na begi la fedha na kumwachia ofisa anayemfahamu "aziingize kesho" amefanya jambo ambalo mkaguzi hawezi kulisaidia. Fedha ambazo hazikupita dirishani hazimo kwenye mfumo, na kwa benki hazikuwahi kufika. Karatasi iliyoandikwa kwa mkono na kugongwa muhuri wa tawi si sawa na stakabadhi inayotoka kwenye mashine ikiwa na namba ya muamala. Ujumbe wa simu unaoonesha salio ni bora kuliko muhuri wowote, na mtu akiweka fedha bila kupata ujumbe huo aulize palepale kabla hajatoka nje.

Faili la mwenye lori

Sehemu inayomla muda mwingi mwanagenzi ni mikopo. Hawezi kusoma mafaili yote, kwa hiyo huchukua sampuli. Kuchaguliwa si tuhuma. Mengine huchaguliwa kwa kura, mengine kwa ukubwa wa deni, na mengine kwa sababu programu ya kuchambua takwimu imeonesha kitu cha ajabu: mikopo mitatu ya watu watatu yenye namba moja ya simu, mkopo mpya uliotolewa siku ileile wa zamani ulipolipwa, au mikopo mingi iliyo chini kidogo tu ya kiwango ambacho meneja wa tawi anaruhusiwa kuidhinisha peke yake. Ikiwa kiwango hicho ni shilingi milioni 50, mikopo minne ya milioni 48 katika wiki moja haimpiti mkaguzi.

Chukua mfano wa mwenye lori wa Mbeya anayebeba mizigo kutoka bandari ya Dar es Salaam kupitia Tunduma hadi Lubumbashi. Amekopa kununua kichwa na tela, ameweka dhamana lori lenyewe pamoja na nyumba. Mwanagenzi analifungua faili lake na kuanza na jambo dogo kabisa, namba ya chasisi. Anaisoma tarakimu kwa tarakimu katika kadi ya gari, katika ripoti ya mthamini, katika hati ya bima na katika mkataba wa mkopo. Ikitofautiana hata kwa tarakimu moja, benki haiwezi kuthibitisha kwamba gari lililothaminiwa ndilo lililowekewa bima. Mara nyingine ni kosa la mpiga chapa. Mara nyingine ni lori ambalo halipo.

Anatafuta kadi halisi, si nakala. Anaangalia kama umiliki wa benki umeandikishwa inavyotakiwa. Kwa nyumba, anatafuta ridhaa ya mwenza, kwa kuwa sheria ya Tanzania hairuhusu nyumba ya ndoa kuwekwa rehani bila ridhaa ya mume au mke. Fomu ya ridhaa isiyo na tarehe, au yenye sahihi inayofanana mno na ya mwombaji, ni hoja. Siku mkopo utakapoharibika, mwenza huyo anaweza kwenda mahakamani, na hapo wote watapata hasara: benki itakaa miaka na dhamana isiyouzika, na riba itaendelea kumpanda mwenye deni.

Halafu bima, na hapa wasafirishaji wasome taratibu. Mkopo wa lori hutaka bima kubwa kwa muda wote wa deni, huku benki ikitajwa kama mwenye maslahi. Mwanagenzi atakuta mafaili mengi ambayo bima ilikatwa mwaka wa kwanza tu. Atakuta pia mengine ambayo bima ipo hai lakini eneo lake linaishia ndani ya nchi, wakati mkataba wa usafirishaji ulio kwenye faili hilohilo unasema lori linakwenda Congo.

Mwenye lori hujibu kwamba ana Kadi ya Njano ya COMESA. Ni kweli kadi hiyo inatambuliwa Zambia na Congo, na Tanzania imo katika mpango huo ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000. Lakini Kadi ya Njano hulinda dhidi ya madai ya watu wengine waliopata madhara kutokana na gari lako, na gharama za matibabu ya dharura ya dereva na abiria. Hailipi lori lenyewe. Lori likipinduka Kapiri Mposhi na bima yake kubwa ikiwa inaishia Tunduma, mwenyewe atabaki na mabati na deni. Ofisa mikopo aliyefunga faili bila kuliona hilo hatakuwapo siku ya msiba. Mkaguzi akiliona mapema, tawi litamwandikia mteja barua ya kumtaka aongeze eneo la bima, na mteja atalalamika kwamba benki inamsumbua kwa mambo ya mkopo uliokwishatoka.

Jambo la mwisho katika faili ni matumizi. Mkopo uliombwa wa kununua tela ukaishia kwenye kiwanja ni mkopo ulioondoka kwenye biashara iliyotakiwa kuulipa. Mwanagenzi hufuata fedha kutoka akaunti ya mteja hadi kwa muuzaji, na pengine huenda uwanjani kuliona tela kwa macho. Wapo wakaguzi waliobobea wanaoamini safari moja ya uwanjani hufundisha kuliko mafaili kumi, nao hawajakosea.

Barua ya mkopo na siku tano

Kwa wenye kuagiza na kuuza nje, kuna eneo ambalo kazi ya mkaguzi inaweza kuwafaa moja kwa moja nao hawalijui. Ni barua ya mkopo, ambayo wengi huiita kwa kifupi LC. Barua nyingi za aina hiyo huendeshwa kwa kanuni za Chama cha Kimataifa cha Biashara zijulikanazo kama UCP 600, zilizoanza kutumika 1 Julai 2007.

Kanuni hizo zinaipa benki siku zisizozidi tano za kazi, kuanzia siku inayofuata ile nyaraka zilipowasilishwa, kuamua kama zinakubalika. Ikizikataa lazima itoe taarifa moja inayotaja kila kasoro. Haiwezi kutaja kasoro moja leo, ikisharekebishwa itaje nyingine wiki ijayo. Kwa upande wake mwenye bidhaa ana siku 21 baada ya mzigo kupakiwa kuwasilisha nyaraka halisi za usafirishaji, isipokuwa barua yenyewe iwe imetaja muda mwingine, na kwa vyovyote kabla haijaisha.

Mwanagenzi aliyepangwa dawati hili hupewa orodha ya nyaraka zilizopokelewa na tarehe za majibu, akahesabu siku. Benki iliyochelewa inapoteza haki ya kudai kwamba nyaraka zina kasoro. Mfanyabiashara anayegongesha nyaraka zake muhuri wa kupokelewa wenye tarehe anajipa ushahidi yeye mwenyewe na mkaguzi pia. Asiyefanya hivyo anabaki na maneno ya mdomo dhidi ya kompyuta.

Simu ile

Sasa turudi kwenye simu inayowatia watu hofu. Katika taaluma huitwa uthibitisho: mkaguzi hamwamini ofisa wala faili, anamuuliza mteja mwenyewe. Unadaiwa kiasi gani? Ulilipa lini? Kadi ya gari uliyoileta ilikuwa ya gari gani? Kwa mwanagenzi ni kazi ya kuchosha, maana anapiga simu thelathini, kumi hazipatikani, tano wanakata, na mmoja anamtukana. Lakini mikopo hewa, marejesho yaliyoliwa njiani na akaunti zilizochotwa huweza kugunduliwa kwa njia hiyo, pale mteja anaposema "mimi sijawahi kukopa hapo".

Tatizo ni kwamba matapeli nao wanajua kupiga simu. Tofauti iko katika kinachoulizwa. Mkaguzi wa kweli hana haja ya namba ya siri, namba iliyotumwa kwa ujumbe, wala namba zilizo nyuma ya kadi, na hamwambii mteja ahamishe fedha popote. Mteja ana haki ya kusema, "Nitakupigia mwenyewe," kisha akapiga makao makuu ya benki kwa namba iliyo kwenye tovuti au kwenye taarifa ya akaunti na kuuliza idara ya ukaguzi wa ndani. Kumuuliza ofisa mikopo wako kama simu ile ni ya kweli si njia nzuri, kwa sababu inawezekana ofisa huyo ndiye anayechunguzwa.

Kuna jingine linalowaponza watu wema. Mteja aliyesaidiwa kupata mkopo haraka humwonea ofisa huruma, na anapoulizwa na mkaguzi kama alisaini fomu tupu au kama alitoa chai, hujibu kwamba hakuna kitu kama hicho. Anadhani amemsitiri mtu. Fomu tupu aliyosaini inaweza kujazwa kiasi ambacho hakukiomba, na siku hiyo jibu lake kwa mkaguzi litakuwa limeandikwa na kuhifadhiwa kwenye karatasi za kazi.

Mwenyewe anapojaribiwa

Kijana naye hujaribiwa. Meneja wa tawi ana umri wa baba yake, anamwita mwanangu, anamnunulia chakula cha mchana, na jioni anamuuliza kama ile hoja ya funguo lazima iingie kwenye ripoti. Kanuni za kazi zinamkataza kupokea zawadi inayoweza kumpotosha, na mahali pengi hata nauli na chakula hulipwa na makao makuu ili tawi lisimdai fadhila. Viwango vipya vya kimataifa vya ukaguzi wa ndani, vilivyoanza kutumika 9 Januari 2025, vinataka wakaguzi waoneshe ujasiri wa kitaaluma, yaani kusema ukweli hata unapouma. Kuandika neno hilo katika kiwango ni rahisi kuliko kulitenda ukiwa na miaka 24, mkataba wa muda na kodi ya chumba.

Historia inayosomeshwa katika mafunzo haya ni ya benki ya Barings ya Uingereza. Wakaguzi wake wa ndani walikwenda Singapore mwaka 1994, wakaandika kwamba mtu mmoja, Nick Leeson, alikuwa akisimamia biashara na pia kumbukumbu za biashara hiyohiyo, na kwamba majukumu hayo yatenganishwe. Hoja ilikuwa sahihi. Haikutekelezwa. Februari 1995 benki hiyo ilianguka kwa hasara ya pauni milioni 827, ikanunuliwa na ING ya Uholanzi kwa pauni moja.

Karibu zaidi na nyumbani, Imperial Bank ya Kenya iliwekwa chini ya usimamizi wa mfilisi 13 Oktoba 2015, baada ya bodi yake kuieleza benki kuu kuhusu mwenendo usiofaa ndani ya benki hiyo. Wakati huo bima ya amana nchini Kenya ilikuwa shilingi 100,000 kwa mteja, kiasi ambacho kilipandishwa hadi 500,000 mwaka 2020. Mfanyabiashara aliyekuwa ameweka humo fedha za kununulia mzigo alijua siku hiyo kwamba hesabu za ndani za benki si mambo ya wahasibu peke yao.

Ndiyo maana mwanagenzi hufundishwa kwamba ripoti si mwisho wa kazi. Kila hoja hupewa jina la anayewajibika na tarehe ya kukamilisha, na wakaguzi hurudi kuangalia. Hoja ileile ikijirudia mwaka wa pili, hupelekwa kwa wajumbe wa bodi.

Asichokijua

Pamoja na yote hayo, mafunzo ya mabenki yana upungufu ambao wasafirishaji wanauona kabla ya wengine. Vijana wengi hufundishwa mjini, kwa mafaili ya wateja wa mjini. Anapofika Tunduma anataka mkataba ulioandikwa kwa kila mzigo, wakati biashara ya nafaka mara nyingi huendeshwa kwa simu na kuaminiana. Anashangaa akaunti iliyokaa tupu miezi mitano kisha ikajaa ndani ya wiki mbili, hajui kwamba huo ndio msimu wa mahindi. Anaona dola zinaingia kutoka Lubumbashi na moja kwa moja anafikiri fedha haramu.

Tahadhari hiyo ina sababu. Tanzania na Congo ziliwekwa Oktoba 2022 katika orodha ya kimataifa ya nchi zinazofuatiliwa kwa udhaifu wa kudhibiti fedha haramu, Kenya ikafuata Februari 2024, na Uganda ilikuwa humo tangu 2020 hadi Februari 2024. Tanzania iliondolewa Juni 2025. Katika kipindi hicho mabenki yaliongeza maswali kuhusu chanzo cha fedha, na wakaguzi wa ndani huangalia kama maswali hayo yaliulizwa na kujibiwa. Faili lenye jibu la "biashara" tu halitoshi. Lenye ankara, hati ya mizigo na tamko la forodha linalolingana na kiasi kilichoingia hufungwa siku hiyohiyo.

Mabenki yenyewe yamekwishavuka mipaka. KCB iliingia Tanzania mwaka 1997, CRDB ilifungua Burundi mwaka 2012 na Congo mwaka 2023, na Equity ilinunua hisa nyingi za BCDC ya Congo mwaka 2020. Kundi la wakaguzi linaweza kutoka Nairobi kwenda kukagua tawi linalotunza nyaraka kwa Kifaransa, chini ya sheria nyingine za rehani. Benki inayomtuma mwanagenzi wake mpakani wakati wa msimu, akapanda lori hadi kwenye kituo cha forodha na kuona foleni, inajipatia mkaguzi anayejua tofauti kati ya mzigo uliochelewa na mzigo ambao haukuwahi kuwepo. Si benki nyingi zinazofanya hivyo.

Kwa mteja ambaye faili lake limepata hoja, barua itatoka tawini, si kwa mkaguzi. Kwa kawaida itataka kitu kinachopungua: bima mpya, ridhaa iliyosainiwa upya, uthamini wa karibuni. Aulize kwa maandishi ni kifungu gani cha mkataba kinachodai hicho, apewe muda, na atakapowasilisha abaki na nakala iliyogongwa tarehe. Akiona ametendewa isivyo haki, malalamiko huanzia kwa benki yenyewe kwa maandishi. Asiporidhika hupeleka benki kuu ya nchi ambako akaunti ilifunguliwa, hata kama yeye na lori lake wako ng'ambo ya mpaka.